Leso Juu ya Skrini

Habari ya kifo cha Bi Salma ilinikuta chini ya meza huko Ganjoni, bisibisi mkononi, nikichomoa feni ya kompyuta ya mwalimu mmoja wa kike. Simu ililia, nikaiacha. Ikalia tena, nikaiacha. Iliporudia nikaipokea kwa hasira, na Fatma, bintiye Bi Salma, akaniambia, "Zuhura, mama katutoka." Nilitaka kuinuka nikasahau niko wapi, nikajigonga. Ndivyo nilivyoupokea msiba wa mtu aliyenifunza kazi, kwa nundu kwenye kipaji cha uso. Mwalimu yule alikuja mbio na barafu akidhani nalia kwa maumivu ya kichwa, nami nikamwacha adhani hivyo, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba hiyo kompyuta yake, na hii bisibisi, na mimi mwenyewe kuwa chini ya meza kama fundi bomba katika umri huu wa kuitwa bibi, yote yametoka chumbani kwa Bi Salma.

Siku ya hitima nilikwenda mapema, nikapanda zile ngazi za mbao za nyumba yake ya Mji wa Kale zinazolia ukizikanyaga. Wanaume walikuwa chini barazani, sisi wanawake juu, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, juzuu zinapita mkono kwa mkono, na ubani umejaa hata madirisha hayaonekani vizuri. Siku hizi sivai tena ninja. Si kwamba nimeasi, ni miwani tu. Kila nikipumua chini ya kile kitambaa vioo vilikuwa vikiingia ukungu, na mara mbili niliwahi kumsalimu mwanamume asiye wangu kwa kumdhania mjomba, basi nikaona afadhali uso uonekane kuliko kuaibika. Kwa hivyo niliingia na uso wangu wazi, na bibi wawili waliokuwa karibu na mlango wakanong'onezana kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Si Zuhura huyu?" "Yupi?" "Mwenye kovu la chetezo shavuni." "Ndiye. Mashallah, kanenepa." "Kanenepa, lakini kovu li pale pale." Nikawapa mkono, nikawauliza hali zao. Kovu lenyewe nililipata nikiwa mtoto wa kutambaa, niliangukia chetezo cha udi, na halijafifia hata chembe.

Baada ya dua Fatma alinishika mkono akanipeleka kile chumba cha nyuma. Sikuwa nimeingia mle kwa miaka. Meza iko, dirisha liko na pazia lake, kompyuta haipo. Akafungua kasha la mamake, akatoa leso moja, nyekundu na nyeusi, iliyofuliwa hata maandishi yake hayasomeki. "Alisema hii upewe wewe. Nikamuuliza kwa nini, akasema wewe wajua." Nilijua. Hiyo ndiyo leso iliyokuwa juu ya skrini, na sikujua kama aliiweka muda wote huo.

Miaka ile nilikuwa msichana niliyemaliza shule bila kujua la kufanya, na Bi Salma alinichukua kwa sababu mikono yangu haikutetemeka. Yeye alikuwa mpiga filamu za arusi za wanawake. Mgeni huenda asielewe uzito wake. Kwetu usiku wa kupamba hauingii mwanamume, hata yule wa kuvuta nyaya za taa hutolewa kabla wageni hawajafika. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, watu wanavaa nguo ambazo waume zao wenyewe hawajaziona, wanacheza chakacha hadi viuno vinauma. Simu zenye kamera ndiyo kwanza zilikuwa zikiingia mjini, na mlangoni walikaa akina mama wawili wenye mikono mizito wanakupekua mkoba hadi chini ya poda. Kamera moja tu iliruhusiwa kuingia, ya Bi Salma. Mamake bibi arusi alimpa mkono mbele ya mashahidi akamwambia, "Amana yangu hiyo," naye akajibu, "Nimeipokea." Hakukuwa na makaratasi. Lilikuwa neno tu, na jina la Bi Salma lilikaa juu ya hilo neno. Picha moja ingetoka nje, ikaangukia mkono wa mwanamume mmoja, yeye angekwisha, na msichana mwenye sura ile angekwisha kabla yake.

Kwa hivyo alikuwa na mipaka yake. Filamu hazikukatwa dukani, zilikatwa chumbani mwake, mlango umekomewa, kazi ya wanawake peke yao. Bibi arusi hakuandikwa jina lake kwenye kompyuta, alipewa jina la ua. Mmoja alikuwa Asumini, mwingine Mkadi, mwingine Mrehani. Na mbele ya wanaume Bi Salma hakuniita jina langu hata siku moja. Nje ya mlango wa nyumba ile nilikuwa "we mwana" tu, nami nilivaa ninja nikabaki macho mawili yanayobeba mkoba. Nilikuwa nikiona anapitiliza. Nilikuwa nikicheka na Fatma kwamba mamake angeweza kuivisha na kompyuta buibui.

Hicho chumba nilikipenda kuliko pahali popote duniani. Asubuhi ilikuwa chai ya rangi na mahamri yaliyolala, adhuhuri jua linaingia kwa chini ya pazia, na chini dirishani wanaume wa barazani wanabishana mpira, kila mmoja refa. Sisi juu twakata filamu. Akina mama wa maarusi walikuja kukagua, wakakaa kitandani na visahani vya halua, na hapo ndipo nilipoijua dunia. "Huyo mtoe," mmoja alisema, akimwonyesha wifi yake kwa kidole. "Bi mkubwa, huyo kasimama kando ya mwanao, nikimtoa namtoa na mwanao," nikamwambia. "Basi mtie kiza." Bi Salma aliinamisha kichwa asicheke. Jioni ya kazi kubwa kumalizika alinichukua hadi Mama Ngina, kando ya bahari, tukanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukala tukitazama watu, na yeye hakuzungumza habari ya kazi hata neno. Alisema kazi ya chumbani haitoki chumbani. Kwa umri wangu ule nilidhani ni maringo. Leo nikimpokea msichana wa kumfunza namwambia maneno hayo hayo, na naona usoni mwake anadhani ni maringo.

Arusi ya yule tuliyempa ua la Kilua ilikuwa mwaka mmoja kabla ya siku ya leso, na lazima niiseme kwa sababu ndiyo iliyotuua. Kilua alikuwa mtoto mtulivu, anaolewa na ukoo mkali ambao wanawake wake hawatazami hata dirishani. Mamake alimshika Bi Salma mikono yote miwili. "Bi Salma, hawa watu wakisikia neno tu, mwanangu atarudishwa." Usiku huo bibi arusi alichezewa hadi ukumbi ukatikisika, na mimi, niliyekuwa nimeshika taa ya kamera, nikavutwa katikati. Nikatupa taa, nywele zikafunguka, nikacheza kama sitacheza tena. Wanawake wakapiga makofi wakiita, "Zuhura! Zuhura! Wape, Zuhura!" na Bi Salma mwenyewe nyuma ya kamera alikuwa akiita kuwashinda wote. Sauti yake iliingia filamuni kubwa kuliko ngoma. Nilipokuja kuikata ile filamu nilitaka kujitoa, akanikataza. "Wacha. Umefurahi, wacha ionekane umefurahi."

Katikati ya Ramadhani kompyuta ikafa. Tulikuwa na kazi za mfunguo mosi zote zimeshapokewa, maana mwezi ule watu huoana kwa zamu, na mashine ikawa ukiiwasha inapiga ukelele mfupi, kisha kimya. Bi Salma alifungua kasha la mashine kwa bisibisi ya cherehani. Lahaula! Ndani mna vumbi jeusi linanuka udi. Miaka yote tulikuwa tukifukiza chumba na ile feni ilikuwa ikivuta moshi, na hewa ya chumvi juu yake. Kwenye ule ubao mkubwa ambao kila kitu huchomekwa juu yake, wenyewe waita madhabodi, vile vipipa vidogo vilivyosimama vilikuwa vimefura vichwa, vingine vimepasuka vinatoa uchafu. Hata asiyejua angejua hapo pamekufa. "Tutanunua ubao," akasema. "Ubao tu. Diski yangu haiendi kwa fundi yeyote." Diski ndiyo iliyokuwa na sura za watu. Akaichomoa, akaifunga katika kitambaa, akaitia kifuani, kisha akaikunja ile leso nyekundu mkobani. Nikamuuliza leso ya nini. "Utaona."

Tulikwenda kwa Mutua. Alikuwa kijana wa Kikamba, Mkristo, aliyekuja pwani kutafuta kazi bandarini akaishia kuuza vipuri vya kompyuta, na duka lake lilikuwa ghorofani nyuma ya Biashara Street, juu ya duka la leso, hata ngazi zake zilinuka nguo mpya. Mwaka uliotangulia Bi Salma alikuwa amenunua kwake diski kubwa, akampa ile ndogo ya zamani ili apunguziwe bei, kama watu wafanyavyo. "Karibu, mama," Mutua akasema akisimama. "Na dada karibu." Bi Salma akaketi kwa heshima yake, akauliza hali ya watoto wa Mutua, akauliza hali ya mvua kwao bara, ndipo akasema shida. Alitaka ubao wa bei nafuu, si wa fahari, lakini uweze kubeba filamu bila kukwama.

Mutua akatuwekea madhabodi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa mtumba wa Dubai, imeshatumika lakini nzito, imara, na memori zetu za zamani zingeingia humo bila kununua nyingine. Ya pili ilikuwa mpya kwenye boksi, rahisi kuliko ile, kampuni yake haijasikika na mtu, nyepesi hata ukiibonyeza inapinda. "Hii ya Dubai ndio kazi," akasema Mutua. "Hii mpya ni ya watu wa kuandika barua. Lakini mimi nawaonyesha zote, nyinyi mchague." Mtu mkweli, nilijiambia. Bi Salma akasema anataka kuona kama diski yake itaikubali ile ya Dubai, kwa sababu ubao mgeni huweza kukataa diski ya zamani, halafu ndiyo uambiwe uiache kwa fundi. Hilo hakulitaka. Ndipo akatoa leso.

Wallahi nilitamani sakafu inimeze. Aliitandaza juu ya skrini ya Mutua ikaning'inia hadi mezani, akaniambia niingie ndani yake. Mutua achomeke nyaya, mimi nitazame, nitoe habari. Nikaingia. Fikiria msichana mwenye buibui na ninja, kichwa ndani ya leso, mgongo nje, kama mtu anayejifukiza mafua. Nikamsikia mteja mmoja akiuliza, "Huyo dada ni mgonjwa?" na Mutua akajibu kwa adabu, "Hapana, anaangalia kompyuta." Diski yetu ikawaka. Ikapiga mlio mmoja mzuri. "Waona nini, we mwana?" "Naona kawaida. Imefunguka." "Alhamdulillahi. Basi hii ya Dubai." Tungeondoka hapo, ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini Bi Salma hakununua kitu katika maisha yake bila kupima na cha pili, hata kitunguu. "Hebu na hiyo nyingine tuione."

Mutua akachomoa diski yetu, akamrudishia mkononi, akasema ubao ambao haujawashwa usiaminiwe na diski ya mtu, usije ukaiunguza, ataujaribu kwanza kwa diski yake ya kupimia. Leso ikabaki ilipo, mimi nikabaki ndani yake, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuitoa. Mashine ikawaka. Nikaona skrini ya mtu mwingine, mambo ya duka, na mimi kwa ujuzi wangu mchanga nikataka kupima kama ubao unacheza filamu bila kukatika. Nikatafuta filamu. Nikakuta folda tatu zimepangana, Asumini, Kilua, Mkadi.

Sikuelewa. Nikafungua Kilua. Spika hazikuwa zimechomekwa, basi ilikuwa kimya, na katika kile kimya yule mtoto akaanza kutembea kuja kwangu, nywele zake zimemwagika mabegani, mikono hina hadi kwenye viwiko, anacheka. Nyuma yake wageni wote, mama wa watu, wake za watu, mabega wazi. Ubao ule rahisi ulikuwa ukikwamakwama, kwa hivyo kila sura ilisimama kidogo ili niitazame. Halafu nikatokea mimi. Kovu, nywele, kiuno, mdomo wazi, natupa taa. Niko dukani kwa Mutua. Niko uchi dukani kwa Mutua, ndivyo nilivyohisi, na zaidi ya leso moja hakuna kitu kati yangu na wale wateja.

"Dada, imewaka?" Mutua akauliza nje. "We mwana, waona nini?" Nikasema, na hata sijui nililitoa wapi, "Mama, njoo uingie." "Niingie wapi?" "Njoo ndani." Mteja yule akacheka. Bi Salma, mwanamke mwenye haiba, aliyekuwa akipishwa njia sokoni, akainama akaingia ndani ya leso, tukawa vichwa viwili. Alitazama. Mkono wake ulikamata wangu juu ya kiwiko na alama ya vidole vyake ilikaa siku nyingi. "Wote?" akanong'ona. "Wote." "Na yule mtoto?" "Ndiye huyo." "Lakini nilifuta," akasema, kwa sauti ya mtoto mdogo. "Si wewe uliniona? Nilifuta zote." Na kweli nilimwona. Alisema bismillahi, akafuta, akafuta na kile kikapu cha taka, ndipo akampa Mutua diski.

Akatoka nje ya leso akiwa ameshajitengeneza uso. Mimi nilibaki ndani, nimezima skrini, nikasikiliza. "Bwana Mutua, hawa jamaa wangetupisha kidogo." Wateja wakatoka wakinung'unika, mlango ukafungwa. "Diski hii ndiyo niliyokupa mimi mwaka jana?" "Ndio, mama. Nzuri sana hii, ndiyo nafanyia majaribio." "Ndani yake mna vitu vyangu." Mutua akaanza kueleza, haraka haraka, na kila neno lilikuwa kofi. Kufuta si kufuta, mama. Kompyuta hutoa jina tu, kitu chenyewe hubaki pale hadi kitu kingine kije kukaa juu yake. Kuna programu ya kufukua vilivyofutwa, wateja wanaiulizia, naye aliijaribu juu ya diski hiyo na mambo yakarudi. "Lakini sikufungua, mama. Haki ya Mungu sikufungua. Niliona majina ya maua nikadhani ni picha za maua. Mimi na maua wapi na wapi?" Bi Salma akamwambia aape tena. Akaapa kwa mamake aliye kwao. Nikawa nikiyasikia hayo nikiwa na leso usoni, nikimwomba Mungu iwe kweli, iwe kweli, iwe kweli.

"Naichukua," Bi Salma akasema. Mutua akanyoosha mkono aichomoe, nami nikasikia sauti ambayo sijaisikia tena kwake, si kabla si baada. "Usiiguse!" Mutua akarudi nyuma. "Usichomoe kitu. Nifungie hivyo hivyo ilivyo, na ubao wake." "Mama, huo ubao ni mbovu. Chukua wa Dubai, na diski nitakupa bure." "Nimesema hivyo hivyo." Ndivyo tulivyochagua madhabodi. Si kwa ubora wala kwa bei. Tuliichukua ile mbaya kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshikana na diski, naye hakutaka vidole vya mwanamume viguse tena sura za wale wanawake hata kwa kupitia chuma. Akaitoa leso juu ya skrini, akavifunga vyote pamoja, nyaya zikining'inia, akabeba kifuani kama mtoto mchanga, tukashuka.

Nyumbani alipitiliza hadi jikoni. Alifungua diski kwa ile ile bisibisi ya cherehani, ndani mkatoka kisahani kinachong'aa, akajiona uso wake humo, akakitia kwenye kinu. Ilikuwa mchana wa mfungo, ulimi umekauka, na tukatwanga. Yeye mchi, mimi mchi, kama watu wanaotwanga bizari za Idi, na jirani akauliza dirishani, "Mwatwanga nini na mfungo huu?" "Iliki," akajibu Bi Salma. Vipande tulivimwaga shimo la choo. Kisha akaketi pale pale sakafuni, akalia hadi adhana ya magharibi, na sikujua kumbe mtu mzima huweza kulia hivyo.

Ule ubao ulitutesa kwa mwaka mzima. Ulizima katikati ya filamu, ulipata moto, tukauwekea feni ya meza kifuani, tukauwekea hata barafu kwenye bakuli kando yake. Na kwa kuwa Bi Salma aliapa kwamba mashine ile haitatoka tena mlangoni, ikabidi mimi nijifunze kila kitu, kubadilisha vipipa, kuchomelea, kufuta diski kufuta kwa kweli. Nilijifunza kwa hofu. Nikipita Biashara Street kununua utepe wa nguo, kila mwanamume aliyeinua macho nilijiuliza, huyu kaona? Na huyu je? Lakini hakuna kilichotoka. Kilua alizaa, akazaa tena, hakurudishwa, hakujua lolote. Polepole tukaamini kiapo cha Mutua. Na kila Idi, mwaka hadi mwaka, Bi Salma alimpelekea sahani ya biriani iliyofunikwa kawa, kuku mzima juu. Nilimuuliza mara moja mbona hamsahau. "Alitunza amana," akasema, akaendelea kupanga kachumbari. Mimi sikurudi tena dukani kwake, na baadaye nikasikia amelifunga.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nikishuka ngazi siku ya hitima, leso imekunjwa kwapani, katikati ya wanawake wenzangu, wote mabuibui meusi, hakuna aliyemwita mwenziwe. Kwenye ncha ya baraza nikamwona. Kazeeka, mvi tupu, koti lake kubwa, kofia kaishika kwa mikono miwili kama watu wa bara wafanyavyo msibani. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema kimoyomoyo, tazama Mutua kaja kwenye msiba wa mama, na hanijui, maana kwake mimi nilikuwa macho mawili ndani ya ninja. Akainua uso. Macho yake yakaja juu ya shavu langu, yakasimama pale kwenye kovu. Akainuka.

"Pole sana, Bi Zuhura," akasema. "Mama alikuwa mtu mzuri."

"Tushapoa," nikamjibu, kama mtu anavyojibu, nikapita. Nikapiga hatua kidogo, ndipo nikasimama. Uso wangu hakupata kuuona hata siku moja. Jina langu hakupata kulisikia. Kuna pahali pamoja tu duniani ambapo uso huu na jina hili vilikuwa pamoja, na si pichani, maana picha haina jina. Alikuwa ameitazama filamu, kwa sauti, hadi pale ngoma ilipopanda na wanawake wakaniita. Maua! Nikaikumbuka sahani ya biriani, kila Idi, na kuku mzima juu, na ile namna Bi Salma alivyoinamia kachumbari asinitazame. Alisema katunza amana, hakusema kwamba hakuiona. Yarabi, na yeye alijua. Alijua muda wote huo, akala na kulala nalo, akanifichia.

Niligeuka. Mutua alikuwa bado kasimama, mdomo wazi kidogo, na nikaona kwamba neno lile lilimtoka kabla ya kufikiri, na kwamba sasa ameshalisikia. Akatazama viatu vyake. Nilipojitambua, leso ya Bi Salma ilikuwa imekunjuka na nimeishika usoni kwa mikono yote miwili, inanuka udi, na Fatma ananivuta mkono akiuliza nina nini. Nikamwambia ni jua. Tulikuwa kivulini.